Picha za Oak Ridge, mji wa siri wa kiwanda cha bomu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nafundisha historia sekondari. Kila mwaka tukifika Vita Kuu ya Pili naweka kitabu pembeni, nabandika ukutani picha kumi na mbili za mji wa Oak Ridge, halafu nanyamaza. Maswali huanza yenyewe, na karibu yote ni yaleyale ya mwaka uliotangulia. Walimu wenzangu nao huuliza, na ndugu ninaowatumia picha hizo kwenye simu. Nimeyakusanya hapa. Penye jambo nimekaa, pasipo na jambo nimepita.

Oak Ridge ni wapi, na kulitengenezwa nini?

Ni Tennessee, kusini mwa Marekani, kilomita kama 30 magharibi mwa Knoxville, kwenye mabonde ya mto Clinch. Septemba 1942 palikuwa na mashamba, makanisa na vijiji vidogo. Jenerali Leslie Groves, mkuu wa mradi wa siri wa kutengeneza bomu la atomiki, aliidhinisha ekari 59,000 zichukuliwe. Mwaka 1945 walikuwa wakiishi hapo watu 75,000, na mji haukuonekana kwenye ramani zilizokuwa zikiuzwa madukani.

Kazi kubwa ilikuwa kuchambua urani. Katika kila atomu 1,000 za urani ya kawaida, 7 tu ni za aina ya 235, ile iliyofaa kwa bomu. Zilizobaki ni za 238. Aina hizi mbili kemia haizitofautishi hata kidogo. Zinachopishana ni uzito, tena kwa asilimia kama moja. Ukitaka kuelewa ugumu wake, fikiria unapewa ungo wa mchele wenye chuya ambazo ni nyeupe kama mchele, zina umbo la mchele, na ukizipika zinaiva kama mchele. Zimezidiwa uzito kidogo tu. Haya, pepeta.

Walipepeta kwa njia tatu, na kila moja ilijengewa kiwanda chake: Y-12 kilitumia sumaku, K-25 kilipitisha urani ikiwa gesi kwenye vichujio vyenye matundu madogo mno, na S-50 kilitumia joto. Mahali pa nne, X-10, palikuwa na kinu cha majaribio cha kuzalisha plutonia, metali nyingine ya kutengenezea bomu, kilichowashwa tarehe 4 Novemba 1943.

Kwa hiyo bomu lenyewe halikuundwa hapo?

Hapana. Urani iliyochambuliwa ilipelekwa Los Alamos, New Mexico. Maafisa waliovaa kiraia waliibeba kwenye mikoba, wakapanda treni ya abiria kama wafanyabiashara. Bomu lililopigwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 lilikuwa na kilo 64 hivi za urani. Mji mzima wa watu 75,000 kwa mzigo ambao ungeweza kuubeba kwenye mkokoteni.

Nani alizipiga picha hizi?

Karibu zote ni za mtu mmoja, Ed Westcott. Alizaliwa Chattanooga mwaka 1922, baba yake akamnunulia kamera akiwa na miaka 12, na mwaka 1941 akaajiriwa na Kikosi cha Wahandisi cha Jeshi la Marekani kupiga picha za mabwawa na viwanja vya ndege. Desemba 1942 akahamishiwa Tennessee. Alikuwa mwajiriwa wa 29 kwenye mradi huo, kijana wa miaka 20, na wakati wote wa vita ndiye pekee aliyeruhusiwa kuingia na kamera kila mahali. Alifariki mwaka 2019 akiwa na miaka 97.

Alitumia kamera aina ya Speed Graphic na nyingine kubwa zaidi, Deardorff, inayotumia filamu ya inchi 8 kwa 10. Ndiyo maana picha zake ukizikuza ukutani hazififii. Unaona vifungo vya koti na mshale wa saa ya ukutani. Negativu zipatazo 5,000 zimo kwenye Nyaraka za Taifa za Marekani.

Wakazi wengine hawakuwa na kamera?

Langoni palikuwa na kibao kilichotaja vitu visivyoruhusiwa kuingizwa, na kamera ilikuwa mojawapo, pamoja na darubini na silaha. Bila kibali hupigi hata picha ya mtoto wako akianza kutembea. Hili ndilo ninalowaomba wanafunzi walishike kabla hatujaendelea: tunachokiona kuhusu mji huu tunakiona kwa jicho la mtu mmoja aliyelipwa na jeshi. Westcott hakuwa mwongo, na kwa mawazo yangu alikuwa fundi wa hali ya juu. Lakini ratiba yake ilipangwa na ofisi.

Ile picha ya wasichana waliokaa mbele ya mitambo ni ya nini?

Hii ndiyo inayoulizwa kuliko zote, na inastahili.

Ni ndani ya Y-12, mwaka 1944. Unaona korido ndefu yenye sakafu inayong'aa. Kulia na kushoto mitambo imesimama kama makabati ya chuma, kila kabati limejaa vipimo vya mishale na vifundo vya kuzungushia. Mbele ya makabati wasichana wamekaa kwenye viti virefu, kila mmoja amekaza macho kwenye vipimo vyake, hakuna anayemtazama mwenzake, hakuna anayetazama kamera. Nywele zimetengenezwa vizuri. Ukiondoa mitambo ukaweka simu, ungedhani ni ofisi ya posta.

Nyuma ya ukuta kulikuwa na mashine ziitwazo kalutroni, jumla 1,152 katika kiwanda kizima. Kila moja ilirusha mvuke wa urani kwenye nguvu ya sumaku. Atomu nyepesi zilipinda zaidi kidogo kuliko nzito, zikaangukia kwenye kikombe chake. Kazi ya msichana ilikuwa kuhakikisha mshale hauhami. Ukienda kushoto, zungusha kifundo hiki. Ukienda kulia, kile. Ukigoma kabisa, mwite msimamizi. Kila zamu ilidumu saa nane.

Wengi walikuwa wamemaliza sekondari juzijuzi, mabinti wa wakulima wa Tennessee. Ernest Lawrence, mwanafizikia aliyebuni mashine hizo, hakuamini kwamba wangeziweza kama wataalamu wake wenye shahada za udaktari. Kanali Kenneth Nichols akamwambia: tuwashindanishe. Wasichana wakashinda kwa uzalishaji. Maelezo ya Nichols ni kwamba wanasayansi walipoona mshale unatikisika walitaka kujua kwa nini, wakaanza kuchezea vifundo. Wasichana waliurudisha mahali pake wakaendelea na kazi. Nikisimulia hili darasani, wasichana hupiga makofi, wavulana huuliza kama wanasayansi walipunjwa. Mimi husubiri yule mmoja atakayeuliza: ina maana walisifiwa kwa sababu hawakuuliza swali? Mwaka huu aliuliza binti wa dawati la nyuma, ambaye muhula mzima sikuwa nimemsikia sauti.

Mmoja wa wanawake waliomo pichani alikuja kujiona kwenye picha hiyo akiwa bibi, siku alipotembelea kiwanda kama mgeni.

Kweli hawakujua wanatengeneza nini?

Wengi mno hawakujua. Waliambiwa kazi yao inasaidia kumaliza vita, basi. Neno urani halikutamkwa. Kila kitu kilikuwa na jina la kificho. Waliojua picha nzima walikuwa wachache, na waliobaki kila mmoja alijua kipande chake kama mshona vifungo asiyewahi kuona shati.

Westcott alipiga picha ya bango kubwa la barabarani lenye wale nyani watatu, asiyeona, asiyesikia, asiyesema. Maneno yake, kwa Kiswahili changu: unachokiona hapa, unachokifanya hapa, unachokisikia hapa, ukiondoka hapa, kiache hapahapa. Bango linatisha zaidi kuliko bunduki, aliwahi kusema mwanafunzi wangu, na sikuwa na la kuongeza.

Ni kweli walitumia fedha kutengenezea nyaya?

Kweli, na hapa Kiswahili kinatuchezea, kwa hiyo niseme wazi: fedha madini, ile ya bangili, si noti. Sumaku za Y-12 zilihitaji shaba nyingi kuliko ilivyopatikana wakati wa vita, na fedha hupitisha umeme vizuri kuliko shaba. Nichols akaenda Wizara ya Hazina kuazima maelfu ya tani. Ofisa wa Hazina akamkumbusha kwamba wao hawapimi fedha kwa tani, wanapima kwa wakia. Mwishowe zikatolewa zaidi ya tani 13,000. Zilirudishwa baada ya vita kwa awamu, za mwisho mwaka 1970.

Sumaku zenyewe zilikuwa na nguvu kiasi cha kunyofoa pini kwenye nywele za wafanyakazi na kuvuta viatu vyenye misumari.

Picha ya Baba Krismasi akipekuliwa na walinzi: ni maigizo?

Ni langoni, mwaka 1944, na kwa macho yangu ni mzaha uliopangwa. Lakini angalia mlinzi. Kila aliyepita lango lile alipekuliwa hivyohivyo, na kila mkazi kuanzia miaka 12 alivaa beji.

Mji uliendeshwaje? Nani alikuwa mwenye nyumba?

Serikali. Hukuweza kununua nyumba wala kiwanja. Jeshi lilikabidhi shughuli za mji kwa kampuni iitwayo Roane-Anderson, jina lililotokana na wilaya mbili ambazo mji ulizilalia. Kampuni hiyo ilikukodishia nyumba, ikakuletea makaa ya mawe, ikaokota takataka na kuendesha mabasi. Taa ikiungua unaita kampuni.

Nyumba za familia zilichorwa na ofisi ya usanifu ya Skidmore, Owings na Merrill, zikapewa herufi: A ndogo, B, C, D, na kadhalika. Kuta zilikuwa vipande vilivyotengenezwa kiwandani vya saruji na asbesto. Kasi ilipopamba moto, nyumba moja ilikamilika kila nusu saa. Ukubwa wa nyumba ulifuata cheo na idadi ya watoto, kwa hiyo bila kuuliza ulimjua jirani yako ni nani kazini kwa kusoma herufi ya nyumba yake. Waliokulia kwenye nyumba za mashirika, reli au bandari, hawahitaji maelezo zaidi.

Halafu tope. Mpango wa kwanza ulikuwa mji wa watu 13,000. Walipofika mara tano ya hapo barabara zilikuwa bado udongo mtupu. Kuna picha za magari yaliyozama hadi mhimili na njia za mbao za kutembelea. Picha za foleni nazo ni nyingi: foleni ya nyama, foleni ya sigara, foleni ya basi.

Mbona weusi wanaonekana wachache?

Swali hili kwangu hutoka kila mwaka ndani ya dakika kumi za kwanza.

Walikuwapo kwa maelfu. Waliajiriwa kwa ujenzi, usafi na kazi za sulubu, na mji ulitengwa kwa rangi tangu ulipochorwa, ingawa ulikuwa mji mpya wa serikali kuu usio na mazoea ya kale ya kujitetea nayo. Weusi hawakupewa nyumba za herufi. Walipewa vibanda vya plaiwudi vya futi 16 kwa 16, yaani chini ya mita 5 kila upande, watu wanne au zaidi kwa kibanda, jiko la makaa katikati, dirisha bila kioo. Mume alilala kambi ya wanaume, mke kambi ya wanawake iliyozungushiwa uzio wenye walinzi, hata kama walikuwa na cheti cha ndoa. Wazungu wengine pia walikaa vibandani, ila kwao zilikuwapo njia nyingine. Kwa weusi kilikuwa ndicho kilichopo.

Westcott aliwapiga picha, na hapo nampa haki yake. Zipo picha za vibanda, za sinema yao, za wanawake wakifua, na ukizifuata kwenye nyaraka utazipata. Kilichozifanya zionekane chache ni uchaguzi wa baadaye: vitabu, makumbusho na magazeti huchapa wasichana wa kalutroni, hawachapi kibanda. Kwenye picha zangu kumi na mbili, mwanzoni mimi mwenyewe nilikuwa na moja tu ya weusi. Mwanafunzi ndiye aliyenihesabia.

Shule za mji zilichanganya wanafunzi Septemba 1955, vijana 85 weusi kutoka mtaa wa Scarboro walipoingia kwenye madarasa ya wazungu, miaka miwili kabla ya tukio la mji wa Little Rock, Arkansas, lililopata umaarufu kwa jambo hilohilo.

Waliokuwa wakiishi pale kabla ya kiwanda walikwenda wapi?

Watu kama 3,000 waliondolewa kwenye vijiji vya Wheat, Elza, Robertsville na Scarboro. Notisi zilibandikwa milangoni. Wapo waliopewa wiki chache tu, na hundi ya fidia ikachelewa kuliko lori la kuhamia. Baadhi ya familia hizo zilikuwa zimeshahamishwa mara moja miaka michache nyuma kupisha bwawa la Norris. Kanisa la Wheat bado limesimama, na wazao wa kijiji hukutana hapo mara moja kwa mwaka.

Urani yenyewe ilichimbwa wapi?

Nyingi ilichimbwa kwenye nchi inayozungumza Kiswahili, na kwa sababu hiyo nimeendelea kufundisha somo hili miaka yote.

Mgodi wa Shinkolobwe uko Katanga, Kongo, karibu na Likasi. Ulikuwa mali ya kampuni ya Kibelgiji, Union Minière. Madini yake yalikuwa tajiri mno: mawe mengine yalikuwa na oksidi ya urani hadi asilimia 65, wakati yale ya Colorado hayakufika hata asilimia 1. Mwaka 1940 mkurugenzi wa kampuni, Edgar Sengier, akihofia yasije yakaangukia mikononi mwa Wajerumani, aliagiza zaidi ya tani 1,200 zipelekwe New York. Mapipa yakakaa kwenye ghala la Staten Island hadi tarehe 18 Septemba 1942, Nichols yuleyule wa wasichana na fedha alipofika ofisini kwa Sengier na kununua yote. Sasa linganisha tarehe: kesho yake, 19 Septemba, Groves ndipo alipoidhinisha ardhi ya Tennessee. Mawe ya Katanga yalitangulia mji kwa siku moja.

Mgodi ulikuwa umefungwa na kujaa maji tangu 1937. Wahandisi wa Marekani walikwenda kusaidia kuukausha, wakapanua viwanja vya ndege na bandari ya Matadi ili mzigo uendelee kutoka. Mawe hayakufika Oak Ridge yakiwa mawe; yalisafishwa kwanza kwingine, kwa mfano St. Louis.

Wachimbaji waliishi kwenye makambi ya kampuni. Nyumba za kampuni, mgao wa chakula wa kampuni, hospitali ya kampuni, na lugha iliyowaunganisha watu waliotoka makabila mbalimbali ikawa Kiswahili. Kiswahili cha Katanga kilikomaa ndani ya makambi hayo. Desemba 1941 wafanyakazi weusi wa Union Minière mjini Elisabethville, Lubumbashi ya leo, waligoma wakidai mishahara. Walikusanyika uwanja wa mpira. Askari wakawafyatulia risasi.

Kwa hiyo mtu akiniuliza Oak Ridge ilikuwa mji wa namna gani, nasema ilikuwa miwili: ule wa Tennessee ulipata mpiga picha wa kudumu, ule wa makambi ya Katanga haukupata. Westcott kazi yake iliishia kwenye uzio wa Tennessee.

Ile picha ya umati ulioshika magazeti ni ya siku ya Hiroshima?

Hapana, watu huchanganya. Ni tarehe 14 Agosti 1945, pale Jackson Square, siku Japani ilipotangaza kusalimu amri. Magazeti yanasema vita vimekwisha. Hiroshima ilipigwa siku nane kabla yake. Rais Truman alipotoa tamko aliutaja mji kwa jina, na wakazi wengi wakajua siku hiyo kazi yao ilikuwa nini. Wengine walishangilia. Wengine, kwa maelezo waliyoyatoa uzeeni, walikwenda nyumbani wakakaa kimya.

Nimeona picha zilezile zikiwa na rangi. Ni halisi?

Rangi nyingi zimetiwa siku hizi kwa kompyuta. Za vita ni nyeusi na nyeupe. Ukiwa na mbili, amini isiyo na rangi.

Naruhusiwa kuzitumia kwenye somo au kuzichapisha?

Westcott alizipiga akiwa mwajiriwa wa serikali ya Marekani, kwa hiyo ni mali ya umma, na Wizara ya Nishati ya Marekani imeweka nyingi mtandaoni bure. Taja jina la mpiga picha hata hivyo. Na usikate kingo za picha; mara nyingi kitu cha maana kiko pembeni, mlinzi, bango, au mtu anayefagia.

Viwanda bado vipo?

K-25, jengo lenye umbo la U lenye urefu wa karibu kilomita moja, ambamo wafanyakazi walitembea kwa baiskeli, limebomolewa. Kazi hiyo ilikamilika mwaka 2013. Kinu cha X-10 sasa ni makumbusho. Y-12 bado kinafanya kazi, na bado kina uzio.

Mji ulifunguliwa lini?

Tarehe 19 Machi 1949. Palikuwa na gwaride, na Makamu wa Rais Alben Barkley alihudhuria. Utepe langoni haukukatwa kwa mkasi: ishara ya umeme ilitumwa kutoka kwenye kinu cha X-10, utepe ukawaka, ukatoa moshi, ukadondoka. Wanafunzi hupenda kuniuliza kama moshi ule ulikuwa na madhara. Ilikuwa magnesi tu. Walinzi wa lango la mji walikwenda nyumbani, na wale wa milango ya viwanda wakabaki kazini.